Kiunga Kati ya Mji na Shamba: Ardhi ya Kilimo na Maeneo ya Wazi katika Historia ya Upanuzi wa Mji wa Zanzibar

Utangulizi

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wamisionari wa UMCA walijenga chuo kusini mwa mji wa Zanzibar, mahali palipoitwa Kiungani. Wanafunzi wa historia ya Kiswahili wanalifahamu jina hilo, kwani chuo cha Mtakatifu Andrea cha Kiungani kilikuwa miongoni mwa mahali ambapo Kiswahili cha Unguja kilifundishwa na kuandikwa kwa hati za Kirumi tangu mapema, kabla ya lahaja hiyo kuteuliwa kuwa msingi wa usanifishaji wa lugha. Ni wachache, hata hivyo, wanaojiuliza jina lenyewe lina maana gani. Kiungani ni mahali penye kiunga. Kamusi za Kiswahili hulieleza neno kiunga kwa maana mbili zinazokaribiana: shamba au bustani ya miti ya matunda iliyo karibu na mji, na eneo la pembezoni mwa mji. Maana hizo mbili hazikukutana kwa bahati. Katika miji ya Waswahili, pembezoni mwa mji ndipo palipokuwa na bustani. Anayeutoka mji kwa miguu alipita chini ya miembe na minazi kabla ya kufika makondeni.

Leo neno hilo linaishi zaidi katika wingi wake, viunga, na aghalabu husikika katika taarifa za habari: nyumba zimebomolewa katika viunga vya mji, barabara inajengwa katika viunga vya mji. Maana ya pili imebaki, ya kwanza imefifia. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba kufifia huko si jambo la kamusi pekee. Mji wa Zanzibar ulikuwa na ukanda wa ardhi usio mji wala shamba, ukanda uliolisha mji, uliohifadhi maji yake na kuupa nafasi ya kupumua. Ukanda huo umemezwa hatua kwa hatua na ujenzi, na mipango iliyofuatana kwa karne nzima haikuupa nafasi yake ya kisheria. Swali linalozikabili jamii za pwani ni namna ya kuupanga mji unaokua bila ya kuila ardhi inayoutunza, na bila ya kurudisha dhuluma zilizokuwamo katika viunga vya zamani.

Mji, Kiunga na Shamba

Lugha iliugawa mwambao kwa namna yake. Mji ni mahali pa nyumba, misikiti, soko na forodha. Konde na shamba ni mahali pa kulima mtama, mpunga na muhogo. Kati yao kuna kiunga, penye miti ya kudumu, visima, migomba na vijibustani vya mboga. Katika Unguja neno shamba lilipanuka hata likawa jina la nchi yote iliyo nje ya mji. Aliyekwenda Makunduchi au Mkokotoni huambiwa kuwa amekwenda shamba, hata kama hakushika jembe. Upanuzi huo wa maana unaonyesha jinsi watu wa mji walivyoitazama ardhi ya kilimo: kama upande wa pili wa maisha yao wenyewe, upande usiotengana nao.

Viunga vya Zanzibar vilipata sura yake mashuhuri wakati wa utawala wa Masultani wa Busaidi. Seyyid Said bin Sultan alikuwa na jumba lake Mtoni, kaskazini mwa mji, ambako binti yake Salme alizaliwa mwaka 1844. Kumbukumbu zake, zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, zinaanza na maisha ya jumba hilo na bustani zake. Seyyid Barghash, aliyetawala kati ya 1870 na 1888, alijenga jumba la Marhubi katika ukanda huohuo. Yeye pia ndiye aliyeleta mjini maji ya chemchemi za upande wa kaskazini kwa njia ya mifereji na mabomba, na hivyo kuupunguzia mji utegemezi wa visima vyake. Jambo hilo lina uzito kuliko majumba. Tangu hapo, afya ya mji ilitegemea ardhi iliyo nje ya mji: mvua iliyonyesha juu ya miti ya viungani na ya vilima vya nyuma yake ndiyo iliyonywewa Malindi na Shangani.

Ni wajibu wa historia, hata hivyo, kutoipamba picha hii kupita kiasi. Viunga hivyo vilimilikiwa na wachache, na mikono iliyochimba visima na kuangua nazi ilikuwa kwa sehemu kubwa mikono ya watumwa. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na hali ya utumwa haikufutwa kisheria hadi mwaka 1897. Kwa hiyo anayetetea kiunga hawezi kutetea urithi wote uliokuja nacho. Kinachostahili kuhifadhiwa ni kazi ya ardhi hiyo kwa mji.

Majina ya Miti

Mashariki mwa Mji Mkongwe, ng'ambo ya mkono wa bahari uliofukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20, kuna mitaa inayoitwa kwa jumla Ng'ambo. Anayetaka kujua ardhi hiyo ilikuwaje kabla ya nyumba hana budi kuyasikiliza majina yake. Yapo ya wingi yenye kiambishi cha mahali: Miembeni, Michenzani, Mikunguni, Migombani. Yapo pia ya umoja yenye kisifa au nomino: Mwembetanga, Mwembeladu, Mwembeshauri, Mwembemakumbi, Mnazi Mmoja.

Tofauti hiyo ya kisarufi ina historia ndani yake. Jina la wingi, kama Michenzani, linaashiria miti mingi ya aina moja mahali pamoja, yaani bustani au kichaka kilichopandwa. Jina la umoja linaashiria mti mmoja uliosimama kama alama, mti uliojulikana kwa sifa yake au kwa jambo lililofanyika chini yake. Jina Mnazi Mmoja haliwezi kutolewa mahali penye minazi mia. Ukiyapanga majina hayo juu ya ramani, unapata picha ya kiunga kilichokuwa kikigeuka mtaa: kwanza miti mingi, kisha mti mmoja unaokumbukwa, mwishowe jina bila ya mti.

Mageuzi hayo yalikuwa na sababu ya haki. Waliojenga Ng'ambo walikuwa wengi wao watu waliotoka utumwani, wavuvi, wachukuzi, mafundi na wahamiaji waliotafuta kazi mjini. Walijenga nyumba za udongo na makuti juu ya ardhi ya wenye mashamba na ardhi za wakfu, na wakalipa kodi ya ardhi. Kodi hiyo ilipowalemea, wakazi wa Ng'ambo waligoma kuilipa mwaka 1928, na mgomo wao ni miongoni mwa matukio makubwa ya historia ya mji huo kabla ya vita vya pili vya dunia. Funzo lake halijachakaa. Mpango wowote unaotaka ardhi ibaki wazi, lakini haumpi mtu wa kima cha chini mahali pa kulala, utavunjwa na mtu huyo, na atakuwa na hoja.

Ramani na Mipango

Zanzibar ni miongoni mwa miji ya Afrika Mashariki iliyopangwa mara nyingi. Mwaka 1923 ulichapishwa utafiti wa mpangaji wa Kiingereza H. V. Lanchester juu ya mji huo. Ukafuata mpango wa Henry Kendall wa mwaka 1946. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, wataalamu wa Ujerumani Mashariki walitayarisha mpango wa mwaka 1968, na wataalamu wa Kichina wakatayarisha mwingine mwaka 1982. Kila mpango ulikuwa na rangi zake na mipaka yake, na kila mmoja ulikutwa na mji uliokwisha kuivuka mipaka hiyo.

Wakati wa ukoloni, eneo la wazi lilipewa kazi ambayo halikuwa nayo katika mji wa Waswahili. Viwanja vya Mnazi Mmoja, kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, viliachwa wazi kwa ajili ya michezo ya watu wa serikali, na papo hapo vikatenganisha mji wa mawe na mji wa udongo. Jambo kama hilo lilifanyika Dar es Salaam, ambako uwanja wenye jina hilohilo la Mnazi Mmoja uliachwa kati ya Uhindini na Kariakoo. Hivyo neno eneo la wazi liliingia katika lugha ya mipango likiwa na harufu ya utengano. Baadhi ya wakazi walijifunza kuliona kuwa ni ardhi ya wengine, na mtu hailindi ardhi anayoiona si yake.

Mpango wa mwaka 1968 ulikuja na nia ya kuufuta utengano huo. Katikati ya Ng'ambo yalijengwa majumba marefu ya ghorofa ya Michenzani, kandokando ya njia kuu mbili zinazokutana. Nyumba nyingi za zamani zilibomolewa, na mji wa mitaa yenye vibaraza ukakatwa na majengo ya zege. Lawama hizo zimeandikwa mara nyingi. Lipo hata hivyo jambo lisilosemwa sana: Michenzani ilikuwa jaribio la kuwapatia watu wengi makazi juu ya ardhi chache. Kama jaribio hilo lingeendelea kwa kipimo kinacholingana na maisha ya watu, pengine mji usingelazimika kwenda mbali hivyo kutafuta nafasi.

Eka Tatu

Wakati majumba ya Michenzani yakijengwa mjini, mashambani kulikuwa na mageuzi mengine. Baada ya Mapinduzi, ardhi yote ilitangazwa kuwa mali ya serikali, na kuanzia mwaka 1965 familia za wakulima ziligawiwa vipande vya eka tatu tatu kutoka katika mashamba yaliyotaifishwa. Neno eka tatu likawa nomino kamili: mtu alikuwa na eka tatu yake, alirithi eka tatu, alikwenda eka tatu. Kwa mara ya kwanza ukanda wa kiunga ulikuwa mikononi mwa walioufanyia kazi. Waliogawiwa walipewa haki ya kuitumia ardhi kwa kilimo. Hawakupewa haki ya kuiuza.

Eka tatu zilizokuwa mbali na mji zilibaki mashamba kwa muda mrefu. Zilizokuwa karibu na mji zilikutana na hesabu ambayo mgawaji hakuiweka katika hati. Eka tatu ni takriban mita za mraba 12,140. Kiwanja cha nyumba cha mita 20 kwa 15 kina mita za mraba 300. Hata robo ya ardhi ikiachwa kwa njia, eka tatu moja yaweza kutoa viwanja 30. Mkulima wa muhogo na migomba, mwenye watoto wa kusomesha na mgonjwa wa kuuguza, anapolinganisha mavuno ya mwaka na bei ya kiwanja kimoja tu, hahitaji kushawishiwa. Ipo sababu nyingine inayomharakisha. Maadamu ardhi ni ya serikali, anajua kuwa ikitwaliwa kwa ajili ya mradi atafidiwa zaidi miti na mazao yake kuliko thamani ya ardhi yenyewe. Kwa hiyo hukata viwanja kabla ya mpimaji kufika. Sheria iliyokusudiwa kuzuia uuzaji wa shamba imekuwa, kwenye ukingo wa mji, sababu ya shamba kuuzwa upesi na kwa siri.

Matokeo yake yanaonekana upande wa mashariki na kusini mwa mji, katika sehemu kama Mwanakwerekwe, Fuoni na Kisauni, ambako nyumba zimejengwa juu ya ardhi iliyokuwa ya kilimo, nyingi bila ya upimaji. Ongezeko la watu linaeleza msukumo huo. Kwa mujibu wa sensa, Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678 mwaka 2012 na watu 893,169 mwaka 2022. Ni ongezeko la takriban nusu katika miaka kumi, katika kisiwa kisichoongezeka hata hatua moja.

Kisiwa chenyewe kimegawanyika kwa udongo. Upande wa magharibi una udongo wenye kina na rutuba, na ndiko mikarafuu, minazi na mpunga vilikostawi. Upande wa mashariki na kusini kuna maweni, ardhi ya mawe ya matumbawe yenye udongo haba. Mji uko magharibi. Kila unapopanuka unakula udongo ulio bora zaidi katika kisiwa kizima, na mkulima aliyeuza hawezi kuhamishia mpunga wake juu ya mawe.

Uwanja na Kiwanja

Katika mfumo wa ngeli za Kiswahili, kiambishi ki- huweza kudunisha au kupunguza ukubwa wa kitu. Kiwanja ni uwanja mdogo. Matumizi ya mji wa leo yameyatenga maneno haya kwa namna inayostahili kuzingatiwa. Ingawa watu bado husema kiwanja cha mpira na kiwanja cha ndege, neno hilo likitamkwa peke yake, mtu anaponunua au kugombania kiwanja, maana yake ni kipande cha ardhi cha kujengea, chenye mwenyewe. Uwanja umebaki kuwa mahali pa wengi. Historia ya viunga vya Zanzibar yaweza kufupishwa kuwa ni historia ya uwanja kugeuka viwanja.

Kwamba miji ya Waswahili ilithamini uwanja kunathibitishwa na akiolojia. Songo Mnara, mji ulio kwenye kisiwa karibu na Kilwa Kisiwani, ulistawi kati ya karne ya 14 na ya 16. Watafiti waliochimba huko katika miaka ya karibuni hawakuchunguza nyumba za mawe na misikiti pekee. Walichunguza pia nafasi zilizo kati yake. Waligundua kuwa nafasi hizo hazikuwa mabaki ya ujenzi. Zilitunzwa wazi kwa makusudi, na ndani yake mlikuwa na makaburi, visima na mahali pa kazi. Wenyeji wa mji huo walijua kuwa mahali pasipojengwa pana kazi yake.

Kazi hiyo haijakoma Zanzibar. Maji ya mjini hutoka ardhini, na ardhi huyapata kutoka katika mvua. Msitu wa hifadhi wa Masingini, ulio juu ya vilima karibu na mji, unalinda vyanzo hivyo, lakini msitu peke yake hautoshi ikiwa ardhi inayouzunguka imefunikwa kwa saruji na kujaa mashimo ya vyoo. Mvua isiyozama ardhini hutafuta pa kukaa. Ndiyo maana kwa miaka mingi masika yaliifanya sehemu ya Mwanakwerekwe kuwa ziwa, na fedha nyingi zikatumika kujenga mitaro. Makaburi nayo yanahitaji nafasi, na watoto wanahitaji mahali pa kuchezea. Mambo haya hayaingii katika bei ya kiwanja, na kwa sababu hiyo hayana mtetezi sokoni.

Dar es Salaam inaonyesha mwisho wa njia hiyo. Mji huo ulipata mipango mikuu mwaka 1949, 1968 na 1979, na bonde la mto Msimbazi lilijulikana tangu zamani kuwa ni njia ya maji na mahali pa bustani za mboga. Watu waliokosa viwanja walijenga bondeni. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuziacha familia nyingi bila ya makazi, na baadhi yao wakahamishiwa Mabwepande, mbali na kazi zao. Gharama ya kuurudishia mto nafasi yake baada ya kuipoteza ni kubwa kuliko gharama ya kuilinda, na mlipaji wa kwanza ni maskini aliyejenga mahali pasipofaa kwa kuwa palipofaa hapakuwa na nafasi yake.

Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kuwa viunga vya Zanzibar vililindwa zamani na umiliki wa wachache, kisha vikagawiwa kwa haki lakini bila ya ulinzi. Njia zote mbili hazitoshi. Yako mambo matatu yanayojitokeza.

Kwanza, kiunga kipewe nafasi yake katika sheria na ramani za mipango miji, kama aina ya matumizi inayojitegemea: ardhi ya bustani, miti, mabonde ya mpunga na vyanzo vya maji iliyo ndani ya mipaka ya mji na isiyosubiri kuwa viwanja. Maadamu ramani ina rangi mbili tu, ya mji na ya shamba, kila kipande kilicho kati yao kitahesabiwa kuwa ni mji ambao haujajengwa bado.

Pili, mwenye eka tatu asitakiwe kubeba peke yake gharama ya faida inayopatikana kwa mji mzima. Ikiwa ardhi yake inazamisha mvua inayonywewa na maelfu, ni haki apate malipo, au punguzo, au soko la uhakika la mazao yake, na uhakika wa kisheria kuwa hatanyang'anywa. Bila ya hayo, katazo litaendelea kuvunjwa usiku.

Tatu, mji uliokwisha kujengwa uwapokee watu zaidi. Mpango wa Ng'ambo uliotayarishwa katika miaka ya 2010 chini ya jina Ng'ambo Tuitakayo uliwashirikisha wakazi katika kuitazama upya mitaa ya katikati, pamoja na nyumba, viwanja na vibaraza vyake. Mwelekeo huo unahitaji kwenda sambamba na ulinzi wa pembezoni, kwani kila familia inayopata makazi bora Kikwajuni au Mikunguni ni eka iliyopona Fuoni.

Lugha haiwezi kuzuia tingatinga. Inaweza, hata hivyo, kuonyesha kuwa jambo linalotafutwa kwa istilahi ngeni lilikwisha kuwa na jina. Wapangaji wa miji wanaotafsiri maneno kama ukanda wa kijani wana neno la pwani la zaidi ya karne moja katika kamusi, lenye miti, visima na njia ya kutokea mjini ndani yake. Michenzani pamebaki jina bila ya michenza. Fuoni na Bububu miti ingalipo, na bado kuna wakati wa kuamua itabaki miti au itabaki majina.